Mkalimani Halainishi Neno

Kitufe cha kwanza kumkasirisha Mkalimani kilikuwa "Toka".

Tulikuwa tumekaa kwenye kompyuta ya dukani kwetu, namwonyesha kwa fahari kazi yangu ya wiki nzima. Akainama, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Toka?" akauliza. "Unamwambia nani?"

Nikamweleza kwamba mtu akimaliza shughuli zake kwenye ukurasa anabonyeza pale, ukurasa unajifunga, basi.

"Kazi yake nimeielewa. Nakuuliza unamwambia nani. Mimi mbuzi akiingia kwenye mchicha wangu ndiye ninayemwambia toka. Mama wa watu ameteremka mlimani kwa miguu, amejaza fomu yenu, amemaliza, shukrani yake ndiyo hiyo? Toka?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Alichukua kalamu yake nyekundu, akakata neno langu kwenye karatasi kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake "Kwaheri". Kisha akauliza kama mtu anaagwa, karibu yake iko wapi, maana ukurasa wetu ulianza kwa kudai neno la siri kabla hata ya salamu.

Mimi kwa asili si mtu wa hasira. Nilimaliza kidato cha nne na divisheni foo na bado nilirudi nyumbani naimba. Lakini nikimkumbuka Mkalimani moyo unanichemka, na si kwa ajili ya ubaya wake. Ni hasira zake mwenyewe alizoniachia, kama mtu anavyoachiwa koti la marehemu: kubwa mabegani, lakini hutupi.

Tulimwita Mkalimani kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya mpaka akastaafu. Alisimama miaka mingi mahakamani, katikati ya hakimu na watu walioteremka Uluguru na kesi zao za mipaka, ndizi na wake. Wazee wa kule Kiswahili wanakijua, lakini hasira zao ziko kwenye Kiluguru. Mtu anaanza ushahidi wake vizuri kabisa kwa Kiswahili, akifika pale panapouma anageuka, na hapo ndipo Mkalimani alipokuwa anaitwa asogee mbele.

Alikuwa na sheria moja tu ya kazi, na aliirudia mpaka nikawa naisikia usingizini: mkalimani halainishi neno. Mtu akitukana, tafsiri tusi. Mtu akilia, subiri alie amalize, kisha tafsiri alichosema kabla ya kulia. Alinisimulia siku mzee mmoja aliposhindwa kesi ya shamba akamgeukia hakimu na kumpasulia kwa Kiluguru. Hakimu akataka kujua anasema nini. Mkalimani akanyoosha mgongo akasema, "Mheshimiwa, anasema tumbo lako limekula akili yako." Hakimu akauliza kama huyo anayemtukana ni mzee au ni yeye, mkalimani.

"Mheshimiwa," akajibu, "mimi sipo hapa."

Alikuwa akisimulia hiyo mimi nacheka, yeye anakunywa kahawa yake chungu kana kwamba anasimulia habari ya mvua.

Sasa niseme jinsi mtu kama huyo alivyofika kwenye duka la kompyuta. Ule ulikuwa wakati kila kitu kinafunguliwa, yaani kila kitu cha zamani kinafungwa. Viwanda vya mjini vilikuwa vimeuzwa, vingine vikageuka maghala ya mitumba. Ghala la ushirika pale Mkuyuni, chini ya mlima, lilikuwa limegeuka ukumbi wa video. Watu wa mlimani waliokuwa wakipeleka mdalasini wao ushirika, sasa wakaambiwa soko ni huria, na huria ikaja kwa sura ya lori moja la kampuni moja ya viungo. Lori hilo likikukataa, huria yako unarudi nayo nyumbani kichwani.

Kampuni ikataka tovuti. Wanunuzi wa Ulaya, tuliambiwa, wanapenda kuona jina la mkulima na kijiji chake kabla hawajanusa mdalasini wake. Basi kila mkulima aandikishwe kwenye mtandao, na asiyekuwamo kwenye orodha lori halitapokea mzigo wake. Tena ukurasa uwe kwa lugha tatu, Kiingereza, Kiswahili na Kiluguru, ili mkulima naye ajione. Mimi niliposikia hilo la Kiluguru nilikaribia kulia kwa furaha. Nimelelewa na bibi yangu mlimani, juu ya Mkuyuni, na ndoto yangu ya kipumbavu tangu nilipoanza kushika kompyuta ilikuwa siku moja mashine imsalimie Bibi kwa lugha yake.

Kazi ilichukuliwa na Bosi, mwenye duka. Alikuwa kijana wa Dar, fundi kwelikweli, anaandika programu huku anakula chipsi kwa mkono mmoja. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi, maana mbaya ungemkimbia mapema. Alinipa jedwali la safu tatu: upande mmoja maneno ya Kiingereza, upande wa pili Kiswahili, wa tatu Kiluguru, kila mstari na namba yake. Safu ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kuanzwa na mtu wa kampuni mwenye kamusi. Pale ambapo mkulima anapaswa kubonyeza ili fomu yake iende, mtu huyo alikuwa ameandika "Jisalimishe".

Ndipo Bosi alipokubali tumtafute mtu wa lugha. Nikampeleka Mkalimani.

Hakuwahi kukaa kwenye kiti kilichoelekea kioo. Alikaa ubavuni, mimi nikageuza kompyuta shingo kidogo, naye akaitazama kwa pembe, kama shahidi asiyeaminika. Jedwali alitaka lichapwe kwenye karatasi. Alisoma kila mstari kwa sauti, kwa sauti ile ya kiapo, wateja wengine wanageuka. Mstari ukiwa sawa alichora alama ya vema kwa wino mwekundu, ndogo, imekatwa mkia. Ukiwa na kosa hakuchora msalaba kama walimu. Aliuacha hivyo hivyo bila alama akasema "Rudia", na ule utupu ulikuwa unaumiza kuliko msalaba. Shati lake jeupe lilikuwa na mfuko mmoja, na ndani ya mfuko kipande cha tangawizi alichokuwa anakitafuna akishikwa na hasira. Siku za jedwali lile alimaliza tangawizi nyingi.

Bendera nazo zilizua ugomvi. Juu ya ukurasa Bosi aliweka bendera ya Waingereza kwa Kiingereza, bendera yetu kwa Kiswahili, na kwa Kiluguru, kwa kuwa hakuna bendera, akaweka picha ya mlima. Mkalimani akaitazama sana.

"Kwa hiyo Mwingereza ana nchi, Mswahili ana nchi, Mluguru ni mlima."

Bosi akasema mzee, hiyo ni alama tu. Mkalimani akamjibu kwamba hata kitanzi ni kamba tu.

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa wa kuhifadhi. Mkulima akishaandikishwa, mashine ilikuwa inaleta maneno "Mkulima imehifadhiwa". Bosi aliunda sentensi kwa kuunganisha vipande, kitu chochote mbele, "imehifadhiwa" nyuma: shamba imehifadhiwa, kijiji imehifadhiwa, mkulima imehifadhiwa. Kwa Kiingereza kipande kimoja kinatosha kila mahali, kwa hiyo yeye hakuona tatizo. Mkalimani alisimama wima.

"Kwanza, mtu si *i*, mtu ni *a*. Hilo mtoto wa darasa la pili anajua. Pili, ukisharekebisha ukasema mkulima amehifadhiwa, nitakuuliza amehifadhiwa wapi, mochwari? Nchi hii binadamu anayehifadhiwa ni maiti."

Akataka iwe "Jina lako limeandikwa". Bosi akasema hilo lingemlazimu kuvunja programu nusu nzima, hana muda huo, watu wataelewa tu. Mara ngapi nimeyasikia maneno hayo tangu siku ile. Watu wataelewa tu. Ukiyasikia, jua kuna mtu ameamua kutoelewa yeye, na mzigo wa kuelewa amewatwisha wengine.

Wala nisimpambe Mkalimani. Alikuwa na ulimi kama wembe na hakuchagua wa kumkata. Mahakamani alipigania Kiluguru cha watu wasiojua hata majina yao kuandika, lakini nyumbani kwake hakikusemwa. Mke wake alikuwa mtu wa Tabora. Watoto wake walikulia Kiswahili na Kiingereza cha shule, na Kiluguru walikisikia kama majirani wanavyosikia redio ya wengine. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa hasira kama vile nimemwibia, kwamba hakutaka watoto wake waitwe washamba, na kwamba maswali mengine nikamuulize bibi yangu. Kesho yake alininunulia mhogo wa kuchoma bila kusema neno. Ndivyo alivyoomba radhi, kwa mhogo.

Siku moja tu aliniambia jambo lililokuwa likimla. Umeme ulikuwa umekatika, tumekaa na karatasi zetu mlangoni tukitafuta mwanga. Alisema zamani aliletwa mahakamani msichana mmoja, ameshitakiwa kuchoma nyumba ya mumewe. Msichana akasema kwa Kiluguru kwamba alipigwa mpaka akakasirika, akautupa moto mwenyewe. Mkalimani akamhurumia. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho akalainisha, akamwambia hakimu kwamba moto ulimponyoka.

"Mashahidi walikuwa wamemwona akiutupa," alisema. "Hakimu akaona huyu mwongo. Kama ningesema alivyosema, angeulizwa kwa nini. Angeeleza alivyopigwa. Hasira yake ndiyo ilikuwa utetezi wake, binti, na mimi nikaifuta. Kwa huruma."

Msichana alifungwa. Mkalimani hakuniambia miaka mingapi, nami kwa mara moja maishani sikuuliza.

Mstari wa kumi na nne wa jedwali ulikuwa jina la mwisho la mkulima. Kwenye safu ya Kiswahili nilikuwa nimeandika "Jina la ukoo", kama kamusi inavyosema, na mahali hapo kwa kweli nilijiona msomi. Mkalimani alipoufikia hakusema rudia. Aliweka kalamu chini.

"Ukoo wa nani?"

Nikasema ukoo wa mkulima. Akaniuliza mimi ukoo wangu ni upi. Nikautaja. Akaniuliza baba yangu anaitwa nani. Nikamtaja. Akaniuliza kama hayo mawili yana uhusiano wowote. Hayana. Mlimani kwetu ukoo, lukolo kwa lugha yetu, ni wa mama. Mimi ni wa mama yangu, mama ni wa bibi, na shamba tunalolilima tumelipata kwa njia hiyo. Baba yangu ana wa kwao.

"Mlima mzima wa bibi yako ni lukolo mmoja," akasema Mkalimani. "Ukiwauliza ukoo, watakupa ukoo, maana ni watu wa kweli. Watakuwa wote jina moja la mwisho. Na majina ya kwanza unayajua: Mwajuma, Zainabu, Mwajuma, Hadija, Mwajuma. Mashine yenu itamjuaje Mwajuma yupi? Andika 'jina la baba'. Hapo tu. Hapo pasipobadilishwa, hayo mengine yote niliyogombana nanyi ni mapambo."

Nikaenda kwa Bosi mbio. Alikuwa na simu begani na kibodi mkononi. Akanisikiliza nusu. Akasema, "Dada, ukoo ni ukoo. Safu ya Kiswahili nimeshaituma kampuni, wameipitisha. Huyo mzee wako anatafuta vita tu." Akageuka.

Nilirudi mlangoni polepole. Mkalimani alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha ubavuni, na siku hiyo, kwa jambo la nadra, alikuwa anatabasamu. Alikuwa amemaliza safu yote ya Kiluguru. Karatasi zake amezipanga, amezifunga kwa kipande cha kamba ya katani. Akaniuliza kama wamekubali.

"Watarekebisha," nikasema.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Najua lilitoka wapi. Sikutaka kumvunja moyo, sikutaka asimame tena, atafune tangawizi, apaze sauti wateja wakatazama. Nilitaka siku iishe vizuri. Akafungua ile kamba, akatafuta mstari wa kumi na nne, akauchorea vema.

Niliandikisha watu peke yangu pale Mkuyuni, kwenye meza chini ya bati la soko, na kompyuta ya mkononi iliyounganishwa na simu. Wanawake wa mlimani waliteremka wamevaa kanga zao za Idi. Niliwauliza jina, wakanipa jina. Niliwauliza ukoo, wakautaja kwa sauti kubwa na kifua mbele. Walipanga foleni, Mwajuma kwa Zainabu kwa Mwajuma, na mimi naandika kwa furaha, na kila mara mashine inasema mkulima imehifadhiwa, nami nawasomea huku natabasamu. Sikujua kwamba mashine ikipokea jina lile lile, ukoo ule ule, kijiji kile kile, inaona ni mtu yule yule amerudi kurekebisha habari zake. Inamfuta wa kwanza, inamweka wa pili juu yake. Bibi yangu, ambaye naye ni Mwajuma, alikuwa wa tatu kwenye foleni kwa sababu alitaka mjukuu wake amwone amewahi.

Siku ya lori soko lote lilinukia mdalasini. Afisa wa kampuni alikuja na karani wake na orodha iliyochapwa, na Mkalimani akaitwa kusaidia lugha. Karani akaita Mwajuma. Wakasimama kumi na watatu. Karani akasema hapana, mmoja tu, mwenye namba ya shamba hii hapa. Alikuwa yule wa mwisho kuandikishwa, mwanamke kijana, ambaye alitazama nyuma yake kwa aibu kana kwamba ameiba. Akaita Zainabu, wakasimama saba, akachukuliwa mmoja. Hadija vivyo hivyo. Ndani ya nusu saa mlima mzima wa wanawake ulikuwa umebaki wanawake wanaohesabika kwenye vidole.

Mimi nilitazama chini. Mkalimani alinitazama mimi.

Bibi akasogea mbele na mzigo wake kichwani. Alianza kwa Kiswahili, na shikamoo juu, ingawa afisa angeweza kuwa mjukuu wake. Ilikuwa shikamoo ya kejeli na kila mtu aliisikia. Kisha akageukia Kiluguru. Alisema muda mrefu. Afisa akauliza bibi huyu anasema nini.

Mkalimani akanyoosha mgongo. "Anasema mama yako alikuzaa vizuri, ila alisahau masikio. Anasema lukolo wake ni wa mama yake na mama wa mama yake, na mlima ule unaouona ni wao tangu hapo. Mmemwuliza ukoo, amewapa ukoo. Sasa mnamwambia yeye ni yule mwingine. Anasema sawa. Kama Mwajuma wote ni mtu mmoja, basi mizigo hii yote ni ya Mwajuma mmoja, naye yumo kwenye karatasi yako. Ipakie."

Wanawake wakaangua kicheko, kile chenye vigelegele ndani yake. Hata kuli wa lori alicheka. Afisa akamwambia Mkalimani atafsiri kistaarabu.

"Ustaarabu uulete wewe," akasema. "Mimi sipo hapa."

Laiti kicheko kingepakia lori. Afisa alisema orodha imeshakwenda Ulaya, mzigo wote ule kwa mtu mmoja mtandao utaukataa, hana uwezo. Akapakia alichopakia. Lori likaondoka limejaa robo tu. Mchana mvua ikashuka, ile ya Uluguru isiyobisha hodi, na mizigo mingine haikuwahi bati.

Mkalimani alinifuata nilipokuwa nakunja nyaya.

"Uliniambia watarekebisha. Nani alikwambia?"

Nikasema hakuna. Nikasema Bosi alikataa, nami sikutaka kumuudhi.

Nilitegemea anitukane. Nilitamani anitukane. Alitoa tangawizi mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Ningejua, ningekwenda kumkalia Bosi wako mlangoni mpaka abadilishe. Hasira nilikuwa nayo, na muda ulikuwepo. Wewe umenipa vema la uongo nikalala nalo." Akageuka kuondoka. "Ulilainisha, binti."

Sikulia pale. Nililia kwa Bibi, ambaye hakunifariji hata kidogo. Mdalasini wake ulishika ukungu ndani ya wiki. Akakataa kuutupa, akaupikia. Aliutia mafigani kama kuni, gome kwa gome, na jiko letu likanukia pilau mwezi mzima huku tunakula ugali na kisamvu. Sijapata kunusa hasira yenye harufu nzuri kiasi kile.

Tuliwaandikisha upya, mimi na Mkalimani, nyumba kwa nyumba, kwa daftari. Yeye alikuwa na miguu mibovu, akapanda hivyo hivyo kwa fimbo, anakaa kwenye kila kizingiti, anauliza jina la baba, anachora vema. Hakusema nami ila ya kazi. Msimu uliofuata kampuni ilikubali majina yale, na wanawake wakauza, isipokuwa Bibi, aliyesema yeye alishaandikwa mara moja na kufutwa mara moja, inamtosha. Lakini hamjui walichofanya na ukurasa. Waliketi huko mjini wakachunguza tatizo, wakaona chanzo chake ni lugha nyingi. Wakafuta Kiluguru chote. Safu nzima, kila vema lake. Ule mlima mdogo uliokuwa pembeni mwa bendera ukaondolewa. Kitufe cha "Kwaheri" kikarudi "Toka". Na "Mkulima imehifadhiwa" ikabaki, mpaka tovuti yenyewe ilipokufa.

Nikiulizwa kwa nini mtu mchangamfu kama mimi hukunja uso likitajwa soko huria, huwa najibu: lilinifutia bibi yangu likaniambia imehifadhiwa.

Nilimpelekea Mkalimani mhogo wa kuchoma. Aliupokea. Tukaendelea kusalimiana miaka, shikamoo na marahaba, kila mmoja akijua kilichopo katikati.

Mara ya mwisho kumwona, niliitwa kwa simu na binti yake mkubwa. Alisema baba yake amepigwa na kiharusi, na tangu azinduke anaropoka. Majirani wanasema amechanganyikiwa. Akakumbuka kwamba mimi nilikuwa nikifanya naye kazi ya lugha.

Nilimkuta nyumbani kwake Mwembesongo, chumba cha nyuma, kitanda kimeelekezwa ukutani. Mkono wa kulia umelala kama wa mtu mwingine. Pembeni bakuli la uji uliopoa. Nikampa shikamoo, midomo ikahangaika, neno halikuja. Kiswahili kilikuwa kimeondoka, na Kiingereza nacho. Nikamsalimia kwa Kiluguru, na uso ule ukafunguka upande mmoja, akaanza kusema, na wala hakuwa anaropoka. Kilikuwa Kiluguru safi, cha mlimani, chenye hasira zake zote.

"Anasema nini?" binti yake akauliza.

Nilimtazama yule dada. Alikuwa amechoka, macho mekundu, ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha. Neno laini lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Anawashukuru. Anasema Mungu awabariki. Nani angejua?

"Anasema wiki tatu anawaomba mumgeuze autazame mlima," nikasema, "na kila akiomba mnamletea uji. Anasema amezaa makopo. Ukiyagonga yanalia, lakini hayasikii."

Binti akaweka mkono mdomoni. Nilidhani atalia. Alikasirika, na hasira ile ilikuwa ya baba yake tupu, mpaka mgongo ulinyooka.

"Mwambie lugha hiyo alitunyima yeye. Mwambie nilikuwa na miaka saba nikarudi na wimbo mmoja kutoka kwa bibi mzaa baba, nikamwimbia, akanichapa, akasema ni wa washamba. Mwambie nilimsubiri anifundishe mpaka nikaacha kusubiri. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Mgonjwa alikuwa ananitazama mimi. Nikakumbuka mlango wa duka, kamba ya katani, neno langu moja. Nikainama karibu na sikio lake, nikamwambia yote kwa Kiluguru, la kuchapwa, la wimbo, la kusubiri. Sikupunguza.

Chozi likamtoka jicho moja. Kisha mkono wa kushoto ukasogea juu ya shuka, kidole kikashuka kidogo, kikapanda, alama imekatwa mkia.

"Hiyo ina maana gani?" binti yake akaniuliza.

Nikamwambia ashike kitanda upande ule, mimi nishike huku, tukigeuze.